Nani anahesabu zabibu za Dodoma?

Kuna hesabu niliyoirudia mara tatu kwenye karatasi nikidhani nimekosea. Katika bajeti ya mwaka 2017/2018, Serikali ya Tanzania ilishusha ushuru wa bidhaa kwa mvinyo ambao zaidi ya asilimia 75 ya zabibu zake ni za hapa nchini. Ulitoka shilingi 202 kwa lita ukawa shilingi 200. Bajeti hiyohiyo ilipandisha ushuru wa mvinyo ambao zaidi ya asilimia 25 ya zabibu zake ni za nje, kutoka shilingi 2,236 hadi 2,349. Kibuku nacho, bia ya nafaka zetu wenyewe, kikapanda kutoka shilingi 429 hadi 450.

Yaani lita ya mvinyo wa Dodoma, wenye kilevi kinachokaribia mara tatu ya kilicho kwenye kibuku, ilitozwa chini ya nusu ya ushuru wa kibuku.

Hakuna kosa la uchapaji hapo. Ni sera, na lengo lake lilitamkwa waziwazi bungeni: kuhamasisha kilimo cha zabibu na kuvuta viwanda vya mvinyo. Sina ugomvi na lengo. Wala sina ugomvi na kupendelea cha nyumbani, maana kila nchi yenye mvinyo wa maana duniani ilianza kwa kuukingia mkono. Ugomvi wangu uko kwenye njia ambayo upendeleo huo unapita. Unaanzia Hazina, unaishia kwenye geti la kiwanda, na baada ya hapo hakuna anayeufuatilia.

Tuuweke kwenye chupa. Chupa ya kawaida ina mililita 750. Kwa viwango vya mwaka ule, chupa ya mvinyo wa zabibu za ndani ililipiwa ushuru wa shilingi 150. Chupa ya upande wa pili ililipiwa shilingi 1,762 kasoro senti. Tofauti ni zaidi ya shilingi 1,600 kwa chupa moja. Chupa hiyo inahitaji zabibu kilo moja na kitu, na ziko misimu ambayo mkulima wa Dodoma ameuza kilo nzima kwa bei iliyo chini ya tofauti hiyo. Serikali imesamehe pesa inayotosha kununua zabibu zenyewe, halafu haikuuliza pesa hizo zimekwenda kwa nani. Zilimpunguzia mnywaji bei? Zilibaki kwenye faida ya kiwanda? Au zilifika Mpunguzi, Hombolo na Handali kama bei nzuri zaidi kwa mwenye shamba?

Na zile shilingi mbili zilizopunguzwa, kutoka 202 hadi 200, sidhani kama kuna mwenye shamba Hombolo aliyezisikia.

Anayeijua Dodoma anajua jinsi msimu unavyokwenda. Mzabibu wa kule ni wa ajabu kidogo: unavunwa mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa mwaka hadi mvua zinapoelekea ukingoni, kisha tena Agosti na Septemba. Nchi za Ulaya zinavuna mara moja na kungoja miezi 12. Sisi tuna ardhi iliyo juu ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, ukame unaopunguza ukungu, jua la kutosha, na mzabibu unaokubali kupogolewa na kuanza upya. Neema hiyo ndiyo pia mtego. Zabibu ikishaiva haina subira. Mahindi utayaweka ghalani na korosho utaiweka kwenye gunia, ukaringa na bei. Zabibu iliyokatwa asubuhi chini ya jua la Dodoma, kesho kutwa imeanza kuchacha yenyewe. Kwa hiyo bei haipangwi na mwenye shamba. Inapangwa na lori lililokwisha kufika, na kama halikufika, na mchuuzi mwenye ndoo anayekwenda kuuza kando ya barabara kwa abiria wa mabasi.

Wapo waliojaribu kukata mzizi huo kwa kukamua wenyewe. Ndiyo huo unaoitwa mchuzi wa zabibu: unakamua, unauacha uchachuke kwenye matangi, unauhifadhi, unamuuzia mwenye mitambo ya kujaza chupa. Kwa mkulima mdogo ni ukombozi, kwani sasa anaweza kungoja. Ila mchuzi unataka tangi safi, ubaridi, na mtu anayejua anachokifanya. Ukiukosea, badala ya mvinyo unapata siki, na siki ya lita elfu moja haina mnunuzi. Hapa ndipo ningetegemea kuiona pesa ya upendeleo ule. Tangi la chuma lisiloshika kutu, pampu ya kisima, miche isiyo na magonjwa, mtaalamu mmoja mwenye pikipiki anayezunguka vijijini kipindi cha kupogoa. Punguzo la ushuru halinunui hata kimoja kati ya hivyo. Punguzo si pesa, ni pesa ambayo haikukusanywa, na ambacho hakikukusanywa hakina mfuko wala mhasibu.

Zabibu hazikuletwa Dodoma na Hazina, tukumbuke. Zililetwa na wamisionari katika miaka ya 1950, Bihawana ikiwa moja ya vituo vyao, kwa sababu walihitaji divai ya misa. Na Kanisa Katoliki lina kanuni ya mvinyo ambayo ni fupi kuliko yoyote ya Shirika la Viwango (TBS) au Mamlaka ya Mapato (TRA): kanuni ya 924 ya sheria zake inataka divai iwe ya asili, itokane na tunda la mzabibu, na isiwe imeharibika. Kanuni inajibu swali moja tu, lakini ndilo swali lenyewe: kilichomo humu ni zabibu?

Serikali nayo imeuliza swali hilohilo kwa njia ya asilimia. Kwa viwango vya mwaka ule, zaidi ya asilimia 75 za ndani, ulilipa 200. Chini ya hapo, ulilipa zaidi ya mara 11 yake. Mtu yeyote aliyewahi kuwa karani anajua kinachotokea pale mstari mwembamba unapotenganisha shilingi 200 na shilingi 2,349. Kila mtu atataka kusimama upande wa 200. Simtuhumu yeyote, na sina kiwanda kichwani ninapoandika hivi. Nauliza tu nani anapima. Asilimia 75 ya nini hasa: ya uzito wa zabibu zilizoingia, au ya ujazo wa kilichotoka? Juisi ya zabibu iliyokolezwa, inayoingizwa kwenye mapipa na kuongezwa maji, inahesabiwaje? Stempu za kodi za kielektroniki, zilizoanza kubandikwa mwaka 2019, zinahesabu chupa zinazotoka kiwandani, na zinazihesabu vizuri. Zabibu zinazoingia hazina stempu.

Na hesabu yake si ngumu hata kidogo. Kilo moja ya zabibu inatoa karibu theluthi mbili ya lita ya mvinyo, pengine na ziada kidogo kutegemea mtambo. Lita moja basi inataka takriban kilo moja na nusu. Kiwanda kikitangaza lita milioni moja kwa kiwango kile kidogo, lazima kuna mahali kilinunua zaidi ya kilo milioni moja za zabibu za wakulima wa hapa, au mchuzi unaolingana nazo. Wakulima hao wana majina. Wana vijiji na wana vyama vyao vya ushirika, AMCOS. Kama daftari la ununuzi lipo na linasomeka, swali la asilimia limejibiwa kwa kalamu bila maabara.

Ufaransa walijifunza hili kwa damu. Mwanzoni mwa karne ya 20, wakulima wa kusini, Languedoc, walikuwa wanazama kwenye mvinyo usiouzika huku wafanyabiashara wakitengeneza "mvinyo" wa sukari na maji. Sheria ya kusema mvinyo ni nini ilikuwepo tangu 1889, ila ilikaa kwenye karatasi. Juni 1907 watu wanaokadiriwa kuwa zaidi ya nusu milioni waliandamana Montpellier. Narbonne wanajeshi walipiga risasi na watu wakafa. Kikosi kimoja cha jeshi, chenye vijana wa maeneo hayohayo, kikaasi. Kabla mwezi haujaisha, tarehe 29 Juni, ilipitishwa sheria yenye mambo mawili yanayoonekana madogo sana mbele ya maiti na maandamano: kila mkulima atangaze mavuno yake, na sukari inayotiwa kwenye mvinyo ilipiwe kodi ya ziada. Mbinu zote mbili ni za kuhesabu. Baadaye mwaka huohuo wakulima waliunda shirikisho lao, wakaajiri kwa michango yao wenyewe watu wa kusaka wachakachuaji. Hawakusubiri mkaguzi wa wilaya apate mafuta ya gari.

Hapo ndipo neno lililotuchosha linapoingia: tozo.

Najua ninachokifanya. Tangu Julai 2021, zilipoanza kukatwa tozo za miamala ya simu, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000, neno hilo limekuwa kama tusi. Ukilitaja kijiweni, watu wanashika mifuko. Lakini tozo ni za aina mbili, na tumezichanganya. Ipo inayochukuliwa kwako ikapelekwa kusikojulikana. Na ipo ambayo watu wa kazi moja wanajitoza wenyewe kwa ajili ya jambo ambalo hakuna mmoja wao anayeweza kuligharamia peke yake. Utafiti wa mche ni jambo la namna hiyo, na takwimu pia. Vilevile jina "Dodoma" kwenye chupa: likiharibiwa na mmoja, wote wanaumia.

Afrika Kusini, ambao chupa zao ndizo zinazojaza rafu za maduka yetu, wameyapitia yote haya, mabaya kwanza. Mwaka 1918 wakulima wa Cape waliunda chama cha KWV, na Serikali ikakipa mamlaka hatua kwa hatua hadi kikawa kinapanga bei ya chini na, kuanzia 1957, kinapanga nani alime wapi na kiasi gani. Chama cha wakulima kikageuka kuwa serikali ndani ya serikali, na mgao ule haukufutwa hadi 1992. Ukitaka kuona udhibiti uliopitiliza, mfano ni huo. Kilichokuja baadaye kina akili zaidi. Sheria ya masoko ya mazao ya mwaka 1996, Na. 47, inaruhusu sekta kuomba tozo, waziri akaikubali, lakini kwa muda maalumu. Muda ukiisha, sekta inarudi kujieleza: mlikusanya kiasi gani, mlifanyia nini, na bado mnaitaka? Mwongozo wao unataka angalau asilimia 20 ya makusanyo iende kuwainua waliotengwa enzi za ubaguzi, na gharama za uendeshaji zisizidi asilimia 10. Moja ya kazi za tozo hizo kwenye mvinyo ni kugharamia ofisi inayotunza takwimu za zabibu na mvinyo na kusimamia vyeti vya asili ya mvinyo, mfumo uliokuwepo tangu 1973.

Watu wanaona tozo ni mkono unaochukua. Kwenye mvinyo, tozo ni kalamu inayoandika. Ukitoza shilingi chache kwa kila kilo inayopita kwenye mizani ya kiwanda, umepata pesa kidogo, na umepata kitu kikubwa kuliko pesa: rekodi ya kila kilo. Mtu hawezi kulipia tozo ya kilo laki tano halafu akadai punguzo la ushuru kwa mvinyo wa kilo milioni moja. Daftari moja linamsuta mwenzake.

Australia wameongeza kionjo. Huko tozo ya utafiti inayolipwa na wakulima na viwanda inaongezewa na Serikali dola kwa dola, hadi kikomo cha asilimia 0.5 ya thamani ya uzalishaji wa sekta. Mkulima anajua kila anachotoa kinarudi mara mbili. Nao huweka kumbukumbu zinazomfuata mvinyo kutoka shambani hadi kwenye lebo. Ukiandika jina la eneo, angalau asilimia 85 lazima zitoke hapo na uwe na karatasi za kuthibitisha.

Sasa, kwa nini nisiamini kwamba tukifanya hivyo hapa pesa itafika? Kwa sababu ya korosho. Ushuru wa kusafirisha korosho ghafi nje uliwekwa ili sehemu kubwa, asilimia 65, irudi kwenye zao: pembejeo, utafiti, miche. Mfuko wenyewe ulikuwa na malalamiko yake, hilo tusilifiche. Kisha mwaka 2018 Sheria ya Fedha ikaelekeza makusanyo yote yaende Mfuko Mkuu wa Serikali. Wabunge wa kusini walisimama bungeni Juni ile na kupinga kwa sauti ambayo wengi bado wanaikumbuka. Walishindwa. Kilichotozwa kwa jina la korosho kikawa pesa ya kawaida ya nchi. Mkulima wa Newala hakuhitaji semina kuelewa maana yake.

Kwa hiyo ukimwendea mkulima wa zabibu leo na kumwambia kuna tozo nzuri, atakutazama kama unayemuuzia mbuzi kwenye gunia. Tayari analiona punguzo la bei kila mnunuzi anapolipia ushuru wa mazao wa halmashauri, ule uliokuwa asilimia 5 na ambao mwaka 2017 ulishushwa hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara. Kwa sheria anayeulipa ni mnunuzi. Kwa vitendo mnunuzi anaushusha kwenye bei ya kilo. Pesa hiyo inajenga madarasa na kulipa posho za madiwani, na sina neno na madarasa, ila haijawahi kuwa pesa ya zabibu.

Ningeanza na hiyo. Kabla ya kubuni tozo mpya, kipande cha ushuru wa mazao unaotokana na zabibu kitengwe kwa maandishi kirudi kwenye zabibu. Halafu kiwanda kinachofaidi kiwango kidogo cha ushuru wa bidhaa kilipie tozo ndogo kwa kilo, kama sharti la kupata punguzo. Tuseme shilingi 20. Tani 10,000 zikipita kwenye mizani, ni shilingi milioni 200. Si pesa ya kujengea kiwanda. Ni pesa ya matangi kadhaa, ya wataalamu, na ya kukipa kituo cha Makutupora cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo (TARI), pale lilipotoka jina la zabibu nyekundu inayojulikana zaidi Dodoma, uwezo wa kuzalisha miche safi bila kungoja mradi wa mfadhili. Shilingi 20 mbele ya tofauti kama ile ya 1,600 kwa chupa hakuna kiwanda cha kweli kitakachoilalamikia. Kitakacholalamika, tukiangalie vizuri.

Na iwe na tarehe ya kufa. Miaka minne, kisha wakulima na viwanda wapige kura. Bila tarehe, tozo yoyote hapa kwetu inazeeka na kuwa urithi wa ofisi.

Kuna wanaoniuliza, na wana haki ya kuuliza, kwa nini nchi yenye waumini wengi wasiogusa pombe na hospitali zenye wagonjwa wa ini ihangaike kukilea kilevi. Jibu la kwamba zabibu ni juisi na zabibu kavu pia ni la kweli, lakini ni la kukwepa, kwa kuwa zabibu nyingi za Dodoma zinaelekea kwenye mvinyo. Ninachoweza kusema kwa moyo mweupe ni kwamba hoja hiyo inalidhoofisha punguzo zaidi kuliko inavyoidhoofisha tozo. Kushusha ushuru wa kinywaji chenye kilevi cha asilimia 12 hadi chini ya nusu ya kibuku ni kupunguza bei ya ulevi. Kutoza kilo ya zabibu na kumpa mkulima tangi ni kumlea mkulima. Kama siku moja Wizara ya Afya itasema ushuru ufuate kiasi cha kilevi, mkulima mwenye tangi na mche bora atasimama. Anayetegemea kiwango cha upendeleo ataanguka nacho.

Tena kuna la kibiashara. Mwaka 1996 Japan ilishindwa kwenye Shirika la Biashara Duniani kwa sababu ilitoza shochu yake kodi ndogo kuliko vodka na pombe kali nyingine za kigeni. Sisi ni wanachama wa shirika hilo tangu 1995. Pengo kama lile la mara 11 linadumu kwa kuwa soko letu ni dogo na hakuna aliyeona faida ya kutushtaki. Soko likikua, na ndicho tunachokiombea, ulinzi huo utakuwa wa kwanza kuguswa. Utafiti, huduma za ugani na ukaguzi vinavyogharamiwa na sekta yenyewe havina mshtaki wa karibu hivyo.

Muda nao unayoyoma kwa namna isiyoonekana kwenye vitabu vya bajeti. Tangu Serikali ilipotangaza kuhamia Dodoma mwaka 2016, shamba lililo pembezoni mwa jiji lina thamani kubwa zaidi kama kiwanja. Mzabibu unataka mwaka mmoja na nusu hadi miwili kabla ya kutoa mavuno ya maana, kisha unakuhudumia miongo. Viwango vya ushuru vinabadilishwa kwa bajeti, nayo husomwa kila Juni. Mtu mwenye ekari mbili kule Miyuji au Veyula analinganisha kitu cha miaka 20 na ahadi ya bajeti, kisha dalali anapiga simu.

Mashamba ya pamoja kama Chinangali, yaliyofufuliwa chini ya BBT, mpango wa Serikali wa kuwaingiza vijana kwenye kilimo, yataongeza kilo, na kilo zikiongezeka bila mizani inayoaminika, lori litapanga bei kwa kiburi zaidi. Kwa hiyo kabla ya tozo, kabla hata ya mfuko, ningeanza na kitabu cha stakabadhi kwenye geti la kila kiwanda chenye kupata punguzo: jina la mkulima, kijiji, uzito, kiwango cha sukari kwenye zabibu, bei, tarehe. Nakala tatu, ya kwanza kwa mkulima, ya pili kwa kiwanda, na ya tatu, yenye namba ileile, iende TRA iwekwe kando ya hesabu ya stempu, kabla ya mavuno ya Agosti.